Uso wa Maria Mwenye Miaka Minane

Ilomba, Mbeya
Jumanne mchana

Fundi wangu,

Nimekaa mlangoni kwangu, jua la saa nane linanipiga miguuni, na mikono yangu bado inanuka tapentaini. Ungekuwepo ungeniambia ninawe kwanza ndipo nishike karatasi. Sinawi. Nina jambo nimelibeba tangu Iringa, nalala nalo naamka nalo, na kila ninayetaka kumwambia naona si yeye, ni wewe.

Nianze na habari za hapa, maana hukupenda mtu anayeingia ndani na shida zake kabla ya salamu. Ndaga, Fundi, kama mnavyosema kwenu Unyakyusani. Mwaka umeshapita tangu tukuzike. Kibanda chako cha Mwanjelwa bado kipo na mimi bado nimo ndani yake. Kofia yako inaning'inia kwenye msumari ule ule. Nimeivaa mara moja tu, siku ya mvua, ikanifika puani. Jirani yako wa mitumba amehama, mahali pake wameingia vijana wenye mashine ya kuchapa mabango. Mtu anakuja na simu, wanamtolea jina la duka lake pamoja na picha ya kuku wa kukaanga kabla hajamaliza soda. Kazi za vibao zimepungua, sikufichi. Lakini makanisa bado yananiita, na wenye malori bado wanataka simba wao achorwe kwa mkono. Editha yuko darasa la tatu. Anasoma kila kinachosomeka, hadi maandishi ya nyuma ya mfuko wa saruji.

Kitabu chako ninacho pia. Kile kisicho na jalada, ulichoachiwa na padri mzee alipokuwa anarudi kwao Ulaya, chenye picha zilizochorwa karne ya kumi na nane. Nimekifunga kwa kitenge kwa sababu mgongo umeachia kabisa. Mara nyingine nikikosa wateja nakifungua tu nikatazama watoto wako. Yohana Mbatizaji yule mdogo, amemng'ang'ania mwanakondoo shingoni kama anayekataa asipelekwe mnadani. Yesu mchanga amelala juu ya msalaba mdogo, mdomo wazi, nywele zimelowa jasho la usingizi. Na Maria, binti wa miaka saba au minane, ameegemea goti la mama yake Anna, anafuatisha mstari wa kitabu kwa kidole.

Ulikuwa unasema wachoraji wa zamani zaidi ya hapo walimchora mtoto mtakatifu kama mzee aliyefupishwa, "na upara wake, na kitambi, na madeni usoni." Hawa wa karne ya kumi na nane, ulisema, walikuwa wamelea. Walijua mtoto ana mashavu. Walijua kwamba mtakatifu kabla hajawa mtakatifu alisinzia, alitoka makamasi, alikataa kuogeshwa. Nilidhani unatania. Siku hizi nikiwachora watoto naona hukuwa unatania hata kidogo.

Na ulikuwa na sharti lako. Mkao unachukua kitabuni, uso huchukui. "Uso hauazimwi Ulaya," ulisema. Uso unautafuta pale pale kijijini kanisa lilipo. Unamwomba mama wa mtoto, halafu unamwomba mtoto mwenyewe, na akikataa unakunja turubai lako. Sharti hilo lilikupa sifa, na lilikupa aibu pia. Kanisa la Madibira sitalisahau hadi naingia kaburini. Walitaka Yohana mdogo na mwanakondoo wake, ukamkataa kondoo wa kitabuni mwenye manyoya kama blanketi, ukasema wakulima wa mpunga hawajawahi kumwona mnyama huyo. Ukamchora kondoo wa jirani, wa kienyeji, manyoya mafupi, masikio yamelala. Jumapili watu wakaingia, wakatazama, na mama mmoja akauliza kwa upole kabisa kwa nini Yohana amemkumbatia mbuzi, ilhali mbuzi Bwana atawaweka kushoto siku ya hukumu. Ulibishana naye hadi misa ikachelewa. Mwisho ulimwongezea kondoo mkia mnene, wa kuburuta chini, ili asiwepo wa kuuliza tena. Njia nzima ukaninunia mimi kana kwamba nilimzaa mbuzi huyo. Tulipofika barabara kubwa ndipo ukaanza kucheka, ukacheka hadi ukakaa chini.

Haya. Ninalotaka kukuambia ni la Maria. Unaijua hadithi yake, lakini niache niisimulie kwa upande wangu, maana upande wangu hukuwahi kuusikia. Sikukuambia.

Nilikuwa na miaka minane ulipokuja kijijini kwetu, kule juu Iringa ambako ukungu unaondoka saa nne asubuhi na watu wanavaa masweta kanisani hadi Oktoba. Kigango chetu kilitaka picha ya Mtakatifu Anna akimfundisha binti yake Maria kusoma, ichorwe ukutani kulia kwa altare. Ulizunguka kijiji siku mbili ukitazama watu nyusoni, hadi wakafikiri wewe ni mtu wa usalama. Siku ya tatu ukafika kwa Bibi yangu, mama wa mama, aliyenilea. Ukamwomba awe Anna. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Alikishika kitabu cha misa ulichompa kama sinia la wageni, ananukia ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na kila baada ya muda kidogo anasinzia. Ulimwacha asinzie. Ndiyo maana Anna wetu ana kope nzito vile, na wageni wanasema ni unyenyekevu.

Halafu ukachuchumaa mbele yangu, ukaniomba mimi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba kitu. Walikuwa wananituma tu. Nilikaa kwenye kigoda alasiri tatu, na kila alasiri ukanipa yai la kuchemsha. Ulipomaliza, kijiji kizima kikaanza kuniita Maria. Maria njoo uchukue chumvi. Maria ameongoza mtihani. Nilikuwa napita mbele ya picha ile nikijitazama kwa jicho la pembeni, huku nimeinamisha kichwa ili nionekane nasali.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, nilipopata mimba. Shule iliniondoa. Aliyenipa mimba alihamia asikojulikana, na sitampotezea wino hapa. Na kijiji kikakumbuka ukuta. Mwenyekiti wa kigango alisema watoto hawawezi kufundishwa sala mbele ya sura ya binti aliyeharibikiwa. Kanisani nilihamishiwa benchi la nyuma kabisa, kama inavyofanywa kwetu kwa wasichana wa namna yangu, na wewe ukaitwa kutoka Mbeya uje ubadilishe uso.

Ulikuja kwanza nyumbani. Nilikuwa jikoni nimejificha nyuma ya moshi. Nilisikia "kamwene" yako, salamu ya kwetu kwa lafudhi ya Kinyakyusa, mbovu kama siku zote, kisha nikasikia unamweleza Bibi ulichoitiwa. Bibi hakupandisha sauti. Alisema, "Basi na mimi nifuteni. Siwezi kumfundisha mtoto nisiyemjua." Kisha ukamwomba unga wa ngano, kiganja kimoja, na sufuria ndogo, ukapika uji mwepesi pale pale jikoni ukiwa umenipa mgongo. Kutoka kwenye mkoba wako ukatoa rangi za unga, ukazikoroga na ule uji. Mimi nikajua ndivyo rangi inavyotengenezwa. Nilikuwa najua nini wakati ule?

Kanisani ulimwambia mwenyekiti kwamba kazi itafanywa na mwanafunzi wako. Akauliza mwanafunzi yuko wapi. Ukasema, "Huyu hapa," ukanisogeza mbele, na tumbo langu la miezi mitano. Mwenyekiti akatoka nje. Ndipo ukanipa brashi, ukaniambia, "Sura ni yako. Mimi siigusi. Ukitaka paka, hutaki acha, tutaondoka zetu."

Fundi, nilikuchukia. Leo nakuambia. Nilikuona nawe umekubaliana nao, ila hutaki kuchafua mikono, ndiyo maana umenipa mimi nijizike mwenyewe. Kwa hasira hiyo nikapaka. Nilipaka macho yangu, nikapaka mashavu yangu, nikapaka ule mdomo uliokuwa unatamka herufi. Ulisema jambo moja tu, "Taratibu, usisugue." Mtoto niliyemchora juu yangu alikuwa wa kutisha, macho hayalingani, kidevu kama cha babu wa watu. Baadaye nilisikia wanakijiji wanasema Anna siku hizi anafundisha wazee wa ngumbaru. Wewe hukurekebisha hata mstari. Uliosha brashi, ukamuaga Bibi kwa heshima, ukaniambia nichukue nguo zangu.

Yaliyofuata unayajua, na kwa hayo nakushukuru hata kama nisingegundua lolote lingine. Nashukuru kwamba pale Mwanjelwa walipokuuliza huyu mwenye tumbo ni nani, ulijibu, "Fundi," ukaendelea kupaka. Nashukuru kwamba ulinifundisha kupiga msasa miezi mitatu kabla hujaniruhusu kugusa rangi, nikalia, na ukaniacha nilie huku napiga msasa. Nashukuru kwa siku Editha alipozaliwa, ulipokuja hospitali na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa rambo, saba, kwa mtu mmoja. Nashukuru kwamba hukuwahi kuniuliza baba yake ni nani. Watu wote waliniuliza. Wewe uliniuliza kama amelala vizuri.

Lakini donge lile lilibaki. Miaka yote ile tumekula sahani moja na donge lilikuwepo. Bibi alipofariki nilikwenda kuzika, na misa ya kumuaga bibi aliyenilea niliisikilizia nje, kwenye mikaratusi, na Editha mgongoni. Sikuweza kuingia. Si kwa sababu ya mwenyekiti. Ni kwa sababu ya ukuta ule, na kilichofanywa pale kwa mkono wangu. Uliniona nimesimama kule, ukaja ukasimama nami.

Sasa sikiliza.

Mwezi uliopita mwenyekiti yule yule alinipigia simu. Amezeeka, sauti inakatika. Akanipa pole ya msiba wako, akasema kigango kimeezekwa upya, kuta zimepakwa, imebaki picha. "Ile sura inatutia aibu, Oliva. Wageni wanaicheka. Njoo uichore vizuri. Mtoto wa kuchora nitakupa mimi, mjukuu wangu, ana adabu." Hakutaja yaliyopita. Mimi pia sikuyataja. Nikakubali, na nikajiambia naenda kama fundi basi. Nilipakia rangi ya mafuta, makopo mapya, na nikasema moyoni kwamba safari hii naifunika moja kwa moja, isijulikane tena chini yake kulikuwa na nani.

Nilikwenda na Editha kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Asubuhi nikaingia kanisani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mjukuu wa mwenyekiti alikuwa ameshakalishwa kwenye kigoda, gauni limepigwa pasi hadi limekuwa gumu, ana miaka minane hivi, ananitazama kwa hofu. Nikamsalimia, nikamwomba kama ulivyonifundisha. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuambiwa aseme sawa. Nikachukua ndoo, sabuni na kitambaa, nianze kuondoa moshi wa mishumaa.

Nilianza na shavu. Kitambaa kikarudi na rangi. Nikadhani ni uchafu. Nikasuza, nikafuta tena, na shavu la yule babu likatoka lote, laini, kama uji.

Uji, Fundi.

Miaka kumi nimechanganya rangi kwa mikono yangu. Nimepaka makanisa, malori, baa na shule za chekechea. Sijawahi hata siku moja kukuona unapika uji wa ngano kwa ajili ya rangi tena, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Ulinipa rangi ya kuoshwa na maji. Uliipika mwenyewe jikoni kwa Bibi, ukiwa umenipa mgongo ili nisione uso wako. Ukaniambia nisisugue, ili nisiukwangue uso wangu uliokuwa chini. Nami nikakaa na donge langu miaka yote hiyo kama mjinga.

Nilifuta taratibu. Likatoka jicho moja, likatoka la pili, na nikajiona. Nipo vile vile. Mashavu ya mayai yako ya kuchemsha, kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi ambalo nilikuwa nimelisahau, na mdomo umefunguka nusu kwenye herufi. Bibi ameniinamia na kope zake za ulanzi. Hakuna kilichoharibika. Kona moja tu ya shela, palipodondokea uji, ilikuwa imeliwa na mende. Nilikaa kwenye benchi na kitambaa kinachuruzika magotini, nikalia kwa sauti, mjukuu wa watu akaogopa.

Mwenyekiti aliingia kwa fimbo yake akidhani mtu ameanguka kwenye ngazi. Akatazama ukuta. Nikasimama. Nikamwambia, "Mzee, huyu simfuniki. Mkitaka aondoke, tafuteni fundi mwingine, mimi nitapanda basi la mchana." Nilitegemea maneno. Ungeyategemea pia. Alisogea hadi karibu kabisa, macho yake siku hizi ni hafifu, akamtazama yule mtoto muda ambao ungetosha kusali rozari nzima. Kisha akasema, "Alikuwepo tu siku zote hizi?" Nikasema alikuwepo. Akasema, "Mimi siku ile niliona tumbo. Huyu sikumwona." Akakaa kwenye benchi, akavua kofia. Baada ya kitambo akaongeza kwamba na kamati ataongea yeye.

Yule mjukuu akauliza kama basi anaweza kwenda kucheza, kwa sababu Maria yupo tayari. Alivua viatu pale pale mlangoni, akamshika Editha mkono, wakatoweka kwenye mahindi.

Nilirekebisha kona ya shela. Nikapaka vanishi juu ya picha nzima, mara mbili, ile vanishi nzuri. Rangi za mafuta nilirudi nazo Mbeya bila kuzifungua. Jumapili nilibaki, nikaingia misani mimi na Editha, na mwenyekiti akatuonyesha kwa fimbo mahali pa kukaa, mbele, upande wa kulia. Akina mama waliniimbia karibu na sikio kwa makusudi, kunikaribisha. Hakuna aliyehutubia, hakuna aliyeniomba radhi kwa maneno, na sikutaka. Baada ya misa mmoja alinipa viazi nusu gunia. Unajua kwetu tunavyozungumza.

Ninachojuta ni kimoja, nawe unakijua. Ningekwenda mwaka juzi ukiwa hai, ningekukuta hapo kibandani, ningekuuliza uso kwa uso. Ungekana. Ungesema rangi ya mafuta ilikuwa imekuishia siku ile. Nakuona kabisa unavyosema hivyo huku unatafuta kiberiti ambacho huna. Hukutaka nishukuru, ulitaka niende nikafue ukuta mwenyewe siku nitakapoweza. Basi nimefua. Na donge limetoka, nakuambia kweli, limetoka lote, nimebaki na shukrani mpaka sijui niiweke wapi. Nisamehe kwa kukuwazia vibaya. Nisalimie Bibi pia; akikuomba ulanzi, mpe kidogo tu.

Ahadi yangu ni hii. Editha aliniuliza njiani yule mtoto wa ukutani ni nani, nikamjibu ni Maria, nikageukia dirishani. Sikuwa tayari. Desemba tutarudi Iringa kwa Krismasi, na nitamsimamisha pale mbele nimweleze yote, shule, tumbo, benchi la nyuma, bila kugeuka popote. Nitamweleza kwamba siku nilipoishika brashi kwa mara ya kwanza yeye alikuwa tumboni, anapiga mateke, na kwamba mzee mmoja kutoka Mbeya aliposema mbele ya mwenyekiti "mwanafunzi wangu ni huyu hapa," alikuwa anatusema wote wawili.

Pumzika, Fundi. Nakwenda kunawa sasa.

Ni mimi, fundi wako,
Oliva